Miti ya matunda nyumbani Dodoma: chimba kwanza, mche baadaye

Wengi wetu hapa Dodoma tunanunua miche kwanza, jembe tunalitafuta baadaye. Nami nilianza hivyo Mkonze: miembe sita, vishimo vya kina cha jembe, na kufikia Septemba ulibaki mmoja. Mvua yetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, Aprili inakata. Baada ya hapo ni jua na upepo, na mti unaovuka ni ule uliokuta shimo limeandaliwa.

Hatua ya 1: Chagua michache
Kiwanja cha mita 20 kwa 30 chenye nyumba kinatosha miembe miwili, mkomamanga, mndimu, mipapai kadhaa na mzabibu wa kutambaa kwenye uchanja. Mwembe na mwembe, mita 8 hadi 10. Mkomamanga mita 4. Kaa mbali na karo la maji machafu. Migomba na parachichi, kama huna maji ya uhakika, achana nayo.

Hatua ya 2: Shimo, Septemba au Oktoba
Hapa usifanye haraka. Chimba futi 2 kila upande na futi 2 kwenda chini. Udongo wa juu weka kulia, wa chini kushoto. Jioni mimina ndoo ya maji shimoni. Asubuhi ukikuta bado yametuama, chini kuna tabaka gumu. Livunje kwa mtaimbo, la sivyo mizizi itagota hapo.

Changanya udongo wa juu na madebe mawili ya samadi iliyooza. Ishike: iliyoiva haina joto, hainuki, inapukutika vidoleni kama udongo. Mbichi itaunguza mizizi. Rudishia mchanganyiko huo, kisha uache mvua za kwanza ziushindilie.

Hatua ya 3: Mche
Mwembe na mndimu, nunua uliobebeshwa, yaani kikonyo cha mti bora kimeunganishwa juu ya shina la mche mwingine. Kagua kiungo, pale vilipounganishwa: kovu liwe limefunga, lisitikisike. Usivutiwe na urefu. Mche uliokaa sana kwenye kiriba, ule mfuko wa plastiki unaooteshwa, huwa na mizizi iliyojisokota chini kama kata ya kubebea ndoo.

Hatua ya 4: Kupanda
Subiri mvua mbili tatu nzito, upande jioni. Chana kiriba kwa wembe, usivute mche. Mizizi iliyojisokota ikate. Kiungo kibaki juu ya udongo. Zungushia tuta dogo la kushika maji, tandaza nyasi kavu, ila ziwe mbali na shina vidole vinne, maana mchwa hupitia humo. Mipapai ya mbegu panda mitatu kila shimo. Ikitoa maua, punguza madume.

Hatua ya 5: Kiangazi cha kwanza
Mwembe mchanga mpe ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki. Kikombe kila siku kinalowesha juu tu, na mizizi inabaki juu ikiungua. Visima vingi vya huku vina chumvi. Ukiona ncha za majani zinakauka, changanya na maji ya mvua uliyohifadhi.

Zungushia miiba mapema, mbuzi hasubiri. Kila wiki kagua shina: ukiona mchwa wamejenga udongo kupanda juu yake, ubandue wote na uwafukue hadi chini. Machipukizi yaliyo chini ya kiungo kata. Na mwembe ukitoa maua mwaka wa kwanza, yaondoe hata kama roho inauma.