Unamtafutia mzee msimamizi wa matunzo? Muulize nani mwingine anamlipa

Kwanza tuelewane, siongelei dada wa kumwogesha mzee na kumpikia, naongelea yule msimamizi wa kupanga mambo: nani aje lini, dawa zipi, kliniki tarehe ngapi, na ndugu mkianza kuvutana kwenye grupu la familia yeye ndo anawaambia hali ya mzee ikoje kweli. Wengi walianzia unesi au ustawi wa jamii, kwa hiyo muulize alisomea nini, na kama anadai ana leseni usiishie kuambiwa, hakikisha mwenyewe kwa waliompa.

Sasa hela. Watu wanauliza bei basi, wakati swali lenyewe ni hili: akitushauri mzee ahamie makao fulani ya wazee au akituletea mhudumu wa kampuni fulani, anapata kamisheni huko? Akianza kuzungukazunguka achana naye. Bei nayo iandikwe, wengi wanachaji kwa saa, uliza kama na simu ya dakika 10 inahesabiwa, na muda wa njiani je.

Afu kabla ya kusaini mwite nyumbani, wewe kaa pembeni uangalie. Wa kwanza tuliyemwita sisi alikuwa ananiuliza mimi, "anakula vizuri? analala?", na mama kakaa palepale anasikia, akili zake timamu kabisa! Wa pili alivuta kiti akakaa karibu yake, akamwomba amwonyeshe dawa zote anazomeza, hata za kujinunulia, mama akatoa na ibuprofeni, zile dawa za maumivu, anazomeza kwa ajili ya magoti, ambazo sisi hatuna habari nazo, na presha anayo, kumbe zile zinaweza kuipandisha na kuumiza figo. Akasema hilo lifike kwa daktari leo leo. Halafu akamuuliza usiku anaamka mara ngapi kwenda chooni, swichi ya taa iko wapi, huku anasukuma kwa mguu kile kizulia cha mlangoni kinachotelezaga. Tukamchukua huyo.

Mengine ya harakaharaka: ana wazee wangapi sasa hivi, akienda likizo nani anashika, mzee akianguka saa nane usiku nani anapokea simu. Anzeni mwezi mmoja wa majaribio, mpango uwe kwenye maandishi, na ndugu mchague mmoja tu wa kuongea naye, maana mkiwa watano kila mtu anampigia na amri zake, na kama simu zinalipiwa, bili mtaiona.