Somo: Kupanda na kushuka Amani, milima ya Usambara, Tanga, kwa pikipiki

Wiki hii nimeulizwa mara tano. Naandika mara moja, someni.

1. Jaza tanki Muheza.

2. Tairi ziwe na meno. Kama ni kipara, usiende.

3. Mgeni, simama geti la Sigi ulipie kiingilio. Ile ni hifadhi.

4. Masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu ukilowa ni mlenda. Kwenye kona usikamate breki ya mbele.

5. Kushuka. Hapa someni taratibu.

Nilibeba gunia la iliki la shangazi kutoka Kwamkoro. Nikaweka frii (bila gia), nikazima injini niokoe mafuta, nikawa nategemea breki ya mguu tu. Kona ya tatu nikanusa harufu ya kitu kinaungua. Kona ya nne nikakanyaga hadi mwisho, pikipiki haikupungua mwendo hata kidogo, na gunia linanisukuma mgongoni. Kushoto mtaro, kulia korongo. Nikailaza mtaroni. Mkono ulivunjika, hadi leo una chuma ndani.

Breki ya nyuma ikipata moto kupita kiasi, brekishu (viatu vya breki) hazishiki tena, hata ukanyage vipi. Kwa hiyo ingiza gia ya pili au ya kwanza ukiwa bado juu, KABLA mteremko haujaanza, injini ndiyo ikuzuie. Breki unagusa, unaachia. Krachi usiibane kwenye kona. Ukinusa harufu, simama hadi ipoe yenyewe. USIMWAGIE MAJI, chuma cha moto hupasuka.

MASWALI

Mkubwa wa Pongwe: Ndefu sana sijasoma. Kushuka nizime injini?

Jibu: Namba 5.

Dogo Chumbageni: Mbona sisi Soni, huko Lushoto, tunashuka frii kila siku na hatufi?

Jibu: Soni kuna lami, na wewe hushuki na gunia. Mimi sikuandika ya kusikia, nimeandika yaliyonipata.

Mama Rehema: Kaka shikamoo. Yangu ikifika juu inakuwa nzito na inatoa moshi mweusi. Imeharibika?

Jibu: Marahaba dada. Huenda haijaharibika. Amani ni kama mita 900 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyosetiwa huku pwani inamwaga mafuta yale yale kwenye hewa pungufu. Nguvu hupungua karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Lakini moshi mweusi kabisa, anza na filta ya hewa, vumbi huiziba. Hakikisha na choki umeizima. Kisha fungua plagi: ikiwa nyeusi ya masizi, isugue.

Mama Rehema: Filta ilikuwa tope tupu! Na mzigo nifunge wapi?

Jibu: Chini, karibu na kiti, usizidi mgongo wako kwa urefu. Funga kwa mpira wa tyubu, kamba ya katani ikilowa hukaza, ikikauka hulegea. Jumamosi napanda, tukutane Muheza saa moja asubuhi nikuoneshe kona zenyewe.