Jinsi ya kuifuata ureta kutoka kwa figo hadi kibofu bila kuipoteza njiani

Hii naandikia wadogo zetu walioanza juzi kushika probu (kile kifaa cha mkononi cha ultrasaundi), pamoja na maafisa wa kliniki wanaotuletea fomu imeandikwa KUB (yaani figo, ureta na kibofu) alafu wanangoja jibu. Ripoti nyingi naziona zinaishia kwa figo. "Figo ya kulia imejaa maji kiasi", basi, mgonjwa anarudishwa na karatasi ambayo haimsaidii daktari, manake figo kujaa maji ni dalili tu, kilichoziba kiko kwenye ureta, ule mrija unaoshusha mkojo kutoka kwa figo, na mara nyingi kiko chini kabisa mlangoni mwa kibofu. Hapa pwani kwetu hiyo sehemu ya chini ndo usiiruke kabisa, sababu ntaieleza mbele.

Hatua ya 1: Ijue njia kabla hujawasha mashine

Ureta ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 25 hadi 30 na upana wa milimita 3 au 4 hivi, kiasi cha kile kijibomba cha wino ndani ya kalamu. Iko nyuma ya utando wa tumbo, imelalia msuli wa psoasi, ule ulio kandokando ya uti wa mgongo. Inatoka kwa figo, inashuka (kwenye eksirei ikadirie kwa ncha za mabawa ya pingili za kiuno), inakatiza mbele ya mishipa ya iliaki (mishipa mikubwa ya damu iendayo miguuni) pale nyonga inapoanzia, inashika ukuta wa pembeni mwa nyonga mpaka usawa wa mwiba wa iskiamu (ncha ya mfupa wa nyonga), alafu inakunja kuja katikati na kuingia kibofu kwa nyuma.

Kuna sehemu tatu nyembamba: inapotoka kwa figo, inapokatiza mishipa ya iliaki, na inapoingia kibofu. Hii ya tatu ndo nyembamba zaidi na mawe mengi hukwama hapo. Kwa hivyo ukitafuta jiwe una vituo vitatu, na cha mwisho ndo muhimu kushinda vyote.

Jambo jingine, mkojo haushuki kwa uzito wake tu. Ukuta wa ureta una misuli inayojikamua kutoka juu kwenda chini, mara 1 hadi 5 hivi kwa dakika, ndo maana hata mtu akilala mkojo unaenda. Na pale chini ureta inapenya ukuta wa kibofu kwa mshazari, kibofu kikijaa kinaubana mlango usirudishe mkojo juu. Watoto wengine huzaliwa hiyo sehemu ikiwa fupi, mkojo unarudi hadi figoni, na wale huchunguzwa kwa kujazwa dawa ya kontrasti (inayoonekana kwenye eksirei) kibofuni na kupigwa picha wakikojoa.

Hatua ya 2: Kibofu kiwe na mkojo

Hapa ndo pananiuma kweli. Utasikia:

"Mama, umetoka chooni saa hii?"
"Ndio mwanangu, nimeambiwa nimalize kabisa kabla sijaingia."

Basi hapo sehemu ya chini ya ureta hutaiona, dirisha letu ni mkojo ulioko kwa kibofu. Mwambie anywe maji nusu lita hadi lita moja, akae kwa benchi kama saa moja ndo umwite. Na joto hili la Mombasa wengi wanafika wamekauka, wametoka kupanga foleni tangu alfajiri. Lakini pia asijae mpaka anatetemeka, kibofu kikijaa kupita kiasi figo zote mbili zinaweza kuonekana zimejaa maji kidogo na hakuna ugonjwa. Ukiona hivyo mwache akojoe, mpime tena.

Hatua ya 3: Juu

Anza na figo, mgonjwa alale ubavu, probu ya tumbo ya megahezi 2 hadi 5. Ukiona figo imejaa maji fuata ule weusi (maji huonekana meusi kwenye ultrasaundi) unavyotoka nje ya figo na kushuka, ukiweza kuufuata sentimita chache tayari unajua ureta nayo imepanuka. Katikati utaipoteza, gesi ya matumbo inaifunika, usipoteze muda hapo, shuka chini.

Hatua ya 4: Chini, na usiwe na haraka

Weka probu juu kidogo ya mfupa wa kinena, ikiwa imelala kwa upana wa tumbo, alafu iinamishe iangalie miguuni. Utaona kibofu cheusi, na nyuma yake pembeni kulia na kushoto kuna vivimbe viwili vidogo, hiyo ndo midomo ya ureta. Ikiwa imepanuka utaona mrija mweusi nyuma ya kibofu, na jiwe likiwepo ni kidoa cheupe chenye kivuli nyuma yake. Washa Dopla ya rangi (inayopaka rangi vitu vinavyotembea): jiwe mara nyingi hurusha rangi nyekundu na samawati zilizochanganyika nyuma yake, hata kama kivuli hakionekani vizuri.

Usizime Dopla. Teremsha skeli ya kasi, tulia, angalia ile midomo. Ghafla utaona mkojo unaruka kama rangi nyekundu kutoka pembe moja (hiyo ndo jeti), unakwenda mbele ukielekea katikati, alafu unapotea, kisha upande wa pili nao unaruka. Ngoja hata dakika 5 hadi 10, linganisha pande zote mbili. Upande mmoja ukinyamaza kabisa na mwenzake unaruka vizuri, shuku kuziba. Ila jeti ikionekana usiseme hakuna jiwe, jiwe linaweza kuziba nusu tu.

Mgonjwa wa jiwe la hapo mlangoni mara nyingi ashapewa antibayotiki kwa sababu anakojoa kila saa na kuwashwa. Muulize kama maumivu yalianzia ubavuni yakashuka hadi kinenani.

Hatua ya 5: Kumbuka kichocho

Hii ndo sababu niliyosema. Wagonjwa wetu wengi wanavuka feri Likoni kutoka Kwale, wengine wanatoka Kilifi na Tana River, na huko kichocho cha mkojo kipo. Mayai ya mdudu yanakwama kwenye ukuta wa kibofu na sehemu ya chini ya ureta, miaka ikipita panafanya kovu, panakuwa na chokaa, ureta inabana mahali na kupanuka juu yake. Kwa hivyo ukiona ureta imepanuka na jiwe hulioni, angalia ukuta wa kibofu, je ni mnene, una vinundu? Kwenye eksirei waweza kuona mstari mweupe umezunguka kibofu. Muulize bila kumuaibisha, "mzee, ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiogelea mtoni ama bwawani? Ushawahi kukojoa damu?" Andika jibu kwenye ripoti. Dawa ya prazikwanteli inaua mdudu, lakini kovu la zamani laweza kubaki, na figo zinaweza kuharibika kimyakimya.

Hatua ya 6: Eksirei na siti skani

Eksirei ya kawaida inaonyesha mawe ya kalsiamu, ya asidi ya uriki haiyaonyeshi. Siti bila kontrasti inaonyesha karibu mawe yote, na ndo kipimo bora kwa mtu mzima asiye mjamzito. Tumia dozi ya chini ya mionzi, hasa kwa vijana.

Vidoa vyeupe kwenye nyonga vitakuchanganya, vingine ni chokaa ya vena. Anza kwa figo, shuka slaisi kwa slaisi (picha moja baada ya nyingine) ukiishika ureta hadi chini, jiwe lililo ndani yake mara nyingi lina ukingo wa nyama kulizunguka. Jiwe likiwa mlangoni kabisa na hujui kama lishaanguka kibofuni, mlaze mgonjwa kifudifudi upige tena sehemu hiyo: lililoanguka litahamia mbele, lililokwama litabaki.

Kwa siti ya kontrasti, ureta haijai yote kwa wakati mmoja kwa sababu inajikamua. Pengo kwenye picha moja si lazima liwe mbano.

Hatua ya 7: Kina mama

Ateri ya mfuko wa uzazi inapita juu ya ureta karibu na shingo ya kizazi, kwa hivyo mama aliyetolewa kizazi akaja na maumivu ya ubavu ama anavuja mkojo, fikiria ureta mara moja. Mjamzito anza na ultrasaundi. Figo ya kulia kujaa kidogo ni kawaida kwake, lakini ureta ikiwa imepanuka hadi chini ya mishipa ya iliaki, tafuta jiwe.

Hatua ya 8: Ripoti

Iandike ijibu: "Jiwe la milimita 6, ureta ya kushoto, mlangoni mwa kibofu, ureta juu yake milimita 9, figo imejaa maji kwa wastani, jeti ya kushoto haikuonekana kwa dakika 10." Ukubwa ni lazima, manake mengi ya chini ya milimita 5 hutoka yenyewe na ya zaidi ya 10 ni nadra kutoka yenyewe. Na mgonjwa akiwa na homa pamoja na figo iliyoziba, ama ana figo moja tu, mpigie daktari simu kabla hajashuka kitandani, usaha ukifungiwa nyuma ya jiwe unaua, huo mkojo unatakiwa ufunguliwe njia haraka, kwa stenti (kijibomba kinachowekwa ndani ya ureta) ama kwa neli inayoingizwa figoni kupitia mgongoni.