Kodi ya Section 8 Marekani inapigwaje, na jinsi ya kuikagua mwenyewe kabla hujasaini

Watu wengi wanaopata vocha ya Section 8, yaani msaada wa serikali ya Marekani wa kulipia kodi ya nyumba, wanasaini lisi (mkataba wa kupanga) bila kujua ile kodi imetoka wapi, ofisi ya hausing, ile inayotoa vocha, inawaambia wewe utalipa hii sisi tutalipa hii, wanashukuru wanaondoka. Naelewa, ukishasubiri vocha miaka huna nguvu ya kuanza kuuliza maswali. Lakini ile hesabu inapigwa na mtu, na mtu anakosea, na kosa la dola 60 kwa mwezi ni dola 720 kwa mwaka, kwa familia yenye watoto hiyo si hela ya kuachia hivihivi. Kwa hiyo chukua kalamu na kikokotoo.

Anza na FMR (Fair Market Rent), yaani kodi ya soko ya eneo lako. Hii inatangazwa na HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, na mwaka wake unaanza tarehe 1 Oktoba. Wanachukua kodi za nyumba za kawaida za vyumba viwili vya kulala ambazo wapangaji wamehamia karibuni, wanazipanga kuanzia ya chini mpaka ya juu, halafu wanaangalia ni bei gani ambayo nyumba 40 katika kila 100 haziizidi. Hiyo ndo FMR, na ndani yake kuna kodi pamoja na umeme, maji na hita, ila simu na intaneti hazimo. Ingia tovuti ya HUD utafute kaunti yako, kuna miji mikubwa wanatumia ya kila zip kodi (namba ya posta ya mtaa) na hapo tofauti ya mtaa na mtaa inaweza kuwa kubwa sana, so angalia zip kodi ya nyumba unayoitaka, siyo ya unapokaa sasa.

Ila FMR siyo kiwango chako bado. Ofisi ya hausing inaruhusiwa kuweka kiwango chake cha malipo, yaani kodi ya juu inayotumia kupiga hesabu ya msaada, kati ya asilimia 90 na 110 ya FMR, kwa hiyo waulize kiwango chao cha mwaka huu kwa vyumba vilivyoandikwa kwenye vocha yako. Na ukiwa na vocha ya vyumba viwili ukachukua nyumba ya vitatu, wanakuhesabia viwili tu.

Sasa fungu lako, yaani sehemu unayolipa wewe, hapa ndo pa kukaa. Kwa wengi ni asilimia 30 ya kipato cha mwezi BAADA ya makato (siyo ya mshahara, ni yale ofisi inayotoa kwenye hesabu ya kipato chako), na hayo makato ndo watu wanapoibiwa bila mtu kuwaibia, maana hawasemi wana nini. Kila mtoto tegemezi anakatwa kiasi fulani, kwa miaka mingi kilikuwa dola 480 kwa mwaka na sasa wanakipandisha kufuata mfumuko wa bei. Hela unayomlipa anayekulelea mtoto ili uende kazini nayo inakatwa, na wazee na wenye ulemavu wana makato yao pamoja na gharama za matibabu zikizidi kiwango. Peleka risiti zote, usingoje waulize.

Tuseme unaingiza dola 2,400 kwa mwezi kabla ya kodi ya mapato na una watoto wawili. Kwa mwaka ni 28,800, toa 960 ya watoto (tukitumia ile 480 mara mbili) inabaki 27,840, gawa kwa 12 unapata 2,320, asilimia 30 yake ni 696. Nyumba ni dola 1,400 na bili unalipa mwenyewe, ofisi inakadiria bili 150 (hiyo ndo posho ya bili), jumla 1,550. Kiwango chao cha malipo ni 1,500. Serikali inatoa 1,500 toa 696, yaani 804, na wewe unabaki na 746: 596 kwa mwenye nyumba na zile 150 za bili. Ukiona wamekuandikia 696 kwa mwenye nyumba na bili bado ni zako, jua posho ya bili imesahauliwa, rudi ofisini. Halafu nyumba ikizidi kiwango cha malipo, unapoingia mara ya kwanza jumla unayolipa wewe (hapa 746) haitakiwi kupita asilimia 40 ya kile kipato cha baada ya makato, hapo ni 928.

Kingine, hata nyumba ikiwa chini ya kiwango haipiti tu. Ofisi lazima ilinganishe kodi yake na nyumba zinazofanana zisizo na msaada: eneo, ukubwa, umri wa jengo, hali yake, vilivyomo. Mwenye nyumba akitaka kupandisha kodi wanalinganisha upya. Akikwambia umuongezee dola 100 pembeni bila ofisi kujua, kataa jamani, hiyo ni kinyume cha sheria na wewe pia unaweza kupoteza vocha.

Kipato kikishuka, saa za kazi zikipunguzwa, wape taarifa kwa maandishi mwezi huohuo na ubaki na kopi. Usipokubaliana na kipato walichokuhesabia au posho ya bili waliyokupa, omba kusikilizwa (kwa Kiingereza informal hearing), ni haki yako, ila iombe kabla ya tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye barua yao.