Kuuliza bei ya viazi kwenye grupu bila kuingizwa mjini

Faida ya magrupu ya WhatsApp ya wafanyabiashara wa Uyole na Mwanjelwa kule Mbeya, na wa Tunduma, ni kwamba alfajiri unajua bei ya viazi mviringo Dar kabla hujalipia gari. Shida huanzia kwenye kipimo.

Ukiuliza "gunia shilingi ngapi?" watakujibu watu kumi, kila mmoja na gunia lake kichwani. Gunia la 70,000 likiwa na kilo 100, kilo ni 700. Likiwa lumbesa, yaani limejazwa kupita kipimo, la kilo 130, kilo ni kama 540, na huenda tofauti hiyo ndiyo faida yako yote. Basi uliza kwa kilo, utaje aina, mahali na siku: "Viazi vya chipsi vilivyochambuliwa, bei kwa kilo, shambani Isyonje, leo Jumanne." Wakishajibu, muulize kila mmoja: umenunua au umesikia? Wengi watanyamaza hapo. Wawili watatu watakaobaki, wapigie simu.

Wingi wa mzigo unaoutafuta na jina la mteja wako usiyaandike. Madalali nao wanasoma, na yupo atakayekutangulia shambani.

Kwenye kodi, grupu likupe swali tu. Jibu kalichukue TRA, mamlaka ya mapato. Bado wapo wanaoshauri kwamba mauzo ya mwaka yakifika milioni 100 ujisajili VAT, wakati kiwango kilipanda hadi milioni 200 mwaka 2023. Hawadanganyi, ushauri wao umezeeka. Ujumbe wenye alama ya mishale miwili umeshapita mikono mingi, na haueleweki umeandikwa lini.

Kwa habari za kwenye grupu, parachichi ndilo balaa zaidi. Aliyeuza vizuri hutuma picha za kreti. Ambaye matunda yake yalikataliwa kwa udogo hatumi kitu. Kabla hujang'oa chai Rungwe upande miche, watafute wawili waliopata hasara uwaulize pembeni walikwamia wapi: miche, maji au mnunuzi.

Kishika uchumba, yaani malipo ya awali ya kushikilia mzigo, usitume eti kwa sababu admini amemsifu muuzaji. Admini anaijua namba ya simu, mzigo hajauona. Mtume mtu akauone na upimwe kwenye mizani, na unapotuma pesa kwa simu, jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri lilingane na la mwenye mzigo. Ukikosa wa kumtuma, anza na magunia matano na ukubali kwamba nauli itakula faida ya safari hiyo.