Kunasa jozi za maji ndani ya agoni iliyoganda

Molekuli mbili za maji hushikamana kwa nguvu ya kilojuli 13 hivi kwa moli. Kwenye mvuke wa kawaida jozi hizo ni chache mno, na tukipima mwanga wa infraredi zinaoufyonza, mistari ya molekuli pweke (zisizo na mwenza) inazifunika. Kwa hiyo tunazigandisha ndani ya gesi ajizi, hapa agoni, njia ambayo mwanakemia George Pimentel na wenzake waliionyesha Berkeley, California, mwaka 1954.

Hatua ya 1: ombwe. Shuka hadi milibari 10⁻⁶ ndipo uwashe mashine ya baridi. Ukiiwasha mapema mno, mabaki ya hewa yote yatagandia dirishani.

Hatua ya 2: gesi. Gandisha maji kwa nitrojeni kimiminika, vuta hewa, yeyusha. Rudia mpaka viputo viishe. Tengeneza michanganyiko miwili: mvuke 1 kwa agoni 1000, na 1 kwa 200. Maji hunata kwenye kuta za mabomba, hivyo uwiano wa kweli huwa mdogo kuliko ulioandika daftarini. Pitisha mvuke kwanza, kuta zishibe.

Hatua ya 3: kugandisha. Poza dirisha la kesiamu ayodidi hadi kelvini 10, pima spektra (mchoro wa mwanga unaofyonzwa) ya dirisha tupu, kisha ingiza gesi polepole, milimoli chache kwa saa. Tabaka likiwa jeupe kama maziwa, umeingiza gesi haraka mno.

Hatua ya 4: kupima. Njia ya mwanga ijazwe nitrojeni kavu, maana unyevu wa chumbani hufyonza palepale unapotafuta. Kwa uwezo wa kutenganisha mistari wa 0.5 cm⁻¹ (cm⁻¹ ni idadi ya mawimbi kwa sentimita), angalia 3574 cm⁻¹: ni mtetemo wa OH iliyoshika bondi ya hidrojeni. Kwenye mtetemo wa kujikunja kwa molekuli, jozi iko 1593 na 1611. Hapo pana mtego: molekuli pweke huendelea kuzunguka ndani ya agoni, na mstari wake wa 1608 uko jirani kabisa na huo wa 1611.

Hatua ya 5: kuthibitisha. Spektra moja haithibitishi kitu, hata iwe nzuri vipi. Linganisha michanganyiko miwili: jozi hukua haraka kuliko molekuli pweke. Halafu pasha hadi kelvini 30 kwa dakika chache, rudi 10, pima tena. Molekuli husogea na kukutana. 3574 ipande, mistari ya pweke ishuke. Ukizidisha joto, agoni yenyewe itakukimbia.

Bendi (mstari wa spektra) isiyofuata utaratibu huo, nashuku kwanza maji yaliyoshikana na nitrojeni ya hewa. Kagua viungo vya mabomba kabla hujaipa bendi jina.