Nyasi zinakauka mabakamabaka? Chimba uhesabu funza kabla hujanunua dawa

Watu wengi wakiona nyasi za uani zimeanza mabaka ya kahawia wanakimbilia mpira wa maji, asubuhi maji jioni maji, wiki mbili zinapita baka linazidi kupanuka, alafu ndo wanakumbuka kuna funza, yaani watoto wa mbawakawa wanaokula mizizi ya nyasi chini ya udongo, na wanaenda kununua dawa. Na mi nilikuwa hivyo hivyo. Mwaka wa kwanza nilimwaga dawa uwanja mzima kwa hasira, kumbe chini ya lile baka mafundi walifukia kifusi, udongo wenyewe sentimita chache tu juu ya vipande vya matofali, nyasi zitaota wapi hapo. Pesa ikaenda, na kesho yake nyungunyungu wamelala juu ya ardhi wamekufa. Toka siku hiyo sinunui kitu kabla sijachimba.

Kwa hiyo tuanze hapo. Nenda kwenye ukingo wa baka, pale kijani kinapokutana na kahawia, sio katikati maana katikati funza wameshakula wakahama. Shika nyasi kwa mkono uvute kama unakunja zulia. Zikinyanyuka zote kwa pamoja bila kung'ang'ania basi mizizi haipo, imeliwa. Zikigoma kung'oka tatizo liko kwengine: ukame, ukungu, mkojo wa mbwa (huo unautambua, duara dogo lililoungua na pembeni yake nyasi zimestawi kijani kuliko kwengine), au viwavi ambao wao wanatafuna majani ya juu na mizizi hawaigusi. Dalili nyingine ni ukitembea unahisi ardhi inabonyea kama godoro, na ndege wanashinda hapo wakidonoa, au asubuhi unakuta pamefukuliwa usiku na mnyama. Huyo mnyama usimchukie sana, kakupa taarifa.

Sasa hesabu. Chukua sepetu, kata mraba wa sentimita 30 kwa 30, pande tatu tu, ufunue kama unavyofunua jalada la daftari. Chambua udongo mpaka kina cha sentimita 10 hivi, pamoja na ule ulioshikana na nyasi zenyewe. Fanya sehemu nne au tano tofauti maana hawa jamaa wanakaa kwa makundi, unaweza kuchimba hapa ukakosa kabisa na mita mbili mbele wamejaa. Wakiwa chini ya 5 kwenye mraba mmoja, rudisha udongo, mwagilia, endelea na shughuli zako. Kuanzia 10 kwenda juu hapo chukua hatua. Kati ya 5 na 10 inategemea nyasi zako zina hali gani, zenye mizizi mirefu na zinazopata maji ya kutosha zinavumilia, zilizochoka hazivumilii. Kupata funza mmoja mmoja ni kawaida kwenye udongo wowote wenye uhai, usipige kelele.

Hakikisha pia ni mwenyewe. Funza tunayemtafuta ana rangi ya maziwa, kajikunja kama herufi C, kichwa cha kahawia, miguu sita karibu na kichwa, na sehemu ya nyuma inaonekana kama ina weusi kwa ndani (ni udongo na uchafu aliokula). Kama hana miguu kabisa huyo ni mtoto wa fukusi, naye anaharibu nyasi ila ni hesabu nyingine. Kuna ile mbinu ya kumwaga maji ya sabuni ili wadudu watoke juu, inafanya kazi kwa viwavi, lakini kwa hawa funza haisaidii, hawapandi, utakaa hapo unasubiri mpaka jua lizame. Na wale manene unaowakuta kwenye lundo la mboji waache, wengi wao wanakula vilivyooza na wanakusaidia kazi.

Sehemu ambayo watu wanaikosea zaidi ni muda, sio dawa, kwa hiyo nivumilie kidogo hapa. Funza ni mtoto wa mbawakawa. Mbawakawa jike anatua kwenye nyasi, anachimba kidogo, anataga mayai kwenye udongo wenye unyevu, na baada ya wiki mbili hivi yanaanguliwa. Vinatoka vidogo sana vinaanza kula mizizi, vinajivua ngozi mara mbili, na kila vikikua ndo ulafi unaongezeka. Kwenye nchi zenye baridi mayai yanatagwa katikati ya kiangazi, funza anakula mpaka baridi inaingia, anashuka chini kujificha, joto likirudi anapanda anakula tena kidogo, anageuka bundo (hatua ya kutulia bila kula kabla ya kuwa mdudu mzima), anatoka mbawakawa. Kwenye nchi za joto mbawakawa wengi wanatoka ardhini mvua zikianza. Aina nyingi zinamaliza mzunguko kwa mwaka mmoja, ila zipo zinazokaa chini mpaka miaka mitatu.

Maana yake nini kwako? Funza mdogo anauawa kirahisi, funza mkubwa ni mgumu kumuua na kashakula mizizi mingi. Ukiwaona wanene kabisa muda mfupi kabla hawajageuka bundo, dawa utakayomwaga ni kujifurahisha tu, uharibifu umeshafanyika na wao wanakaribia kuacha kula wenyewe. Wakati mzuri ni wiki chache baada ya kuona mbawakawa wengi wanaruka jioni au wanajigonga kwenye taa. Andika hiyo tarehe mahali, mwakani itakufaa.

Mi napendelea nematodi. Ni minyoo midogo sana isiyoonekana kwa macho, wanaingia ndani ya funza na kuachia bakteria wanaomuua ndani ya siku mbili hivi. Aina ya kutafuta kwenye pakiti ni Heterorhabditis bacteriophora, hao wanatembea chini kumfuata funza alipo, kuna wengine wanaitwa Steinernema carpocapsae wanauzwa sana lakini hao wanakaa karibu na juu wakivizia, kwa funza sio chaguo zuri. Ukichimba baadaye ukakuta funza kawa mwekundu kama tofali ujue kazi imefanyika. Hawadhuru watu, mbwa wala nyungunyungu.

Shida yao ni wadekaji. Wako hai, kwa hiyo angalia tarehe ya mwisho, weka kwenye friji sio kwenye friza ya barafu, na ukishachanganya na maji tumia siku hiyo hiyo. Jua linawaua, pulizia jioni au siku ya mawingu. Udongo uwe na joto la zaidi ya nyuzi 12 hivi na uwe umelowa kabla, alafu mwagilia tena mara baada ya kupulizia ili washuke kwenye mizizi, na usiache pakauke wiki mbili zinazofuata. Toa kichujio chembamba kwenye bomba la kupulizia maana kinawakwamisha, na utikise kila baada ya muda, wanazama chini. Na bomba liwe halijawahi kubeba sumu, au lisafishwe kweli kweli. Wengi wanaosema nematodi hazifanyi kazi waliwamwaga saa saba mchana kwenye ardhi kavu.

Kama umeamua dawa za viwandani, ziko za aina mbili na usichanganye. Za kuzuia, kama imidaklopridi na klorantraniliproli, zinawekwa mapema kabla au wakati mayai yanaanguliwa. Klorantraniliproli inachelewa kushuka kwenye udongo kwa hiyo iwekwe mapema zaidi, na haiwadhuru sana nyuki. Imidaklopridi ni hatari kwa nyuki, Umoja wa Ulaya waliipiga marufuku nje ya nyumba za vioo mwaka 2018, kwa hiyo kama huko uliko inaruhusiwa bado kata kwanza maua yote yaliyoota ndani ya nyasi ndo uweke. Aina ya pili ni za kuua funza waliokwisha kuwepo, mfano kabarili, hizi zinafanya haraka lakini ni kali kwa vitu vingine pia, wakiwemo nyungunyungu (ndo hizo nilizozitaja mwanzo). Zote zinahitaji maji baada ya kuwekwa, kama sentimita moja ya maji uwanja mzima, bila hivyo dawa inabaki kwenye majani na funza yuko chini anakula mizizi yake kwa raha. Soma lebo, vaa glavu, watoto na wanyama wakae mbali mpaka pakauke.

Mbawakawa wazima je? Wakiwa kwenye maua na miti yako waokote asubuhi mapema wakiwa bado wazito, watikise waangukie kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Ila usidhani ukiwaua hao funza wataisha, wanaruka, wa jirani watakuja. Na ile mitego yenye harufu ya kuwavuta, hasa ya mbawakawa wa Kijapani, mi siitaki, inavuta wengi kuliko inaowakamata, labda umpe jirani usiyempenda. Zima taa za nje usiku kipindi wanaruka, hiyo ni bure.

Bure nyingine: usikate nyasi fupi kama kichwa kilichonyolewa. Kama aina ya nyasi zako inaruhusu ziache sentimita 7 au 8, mizizi inashuka chini zaidi na mbawakawa hapendi sana kutaga hapo. Na wakati wa kutaga punguza kumwagilia kama nyasi zinaweza kustahimili, mayai yanahitaji unyevu, udongo mkavu unayaua mengi. Kuna pia nyigu wakubwa wanaoruka chini chini juu ya nyasi, wengi wao wanatafuta funza wa kutagia mayai, hawana habari na wewe, waache. Kuku nao wakiachiwa kwenye baka lililofunuliwa wanamaliza kazi, shida kuku hajui kuacha, atakufukulia na pazima.

Palipoharibika usiharakishe kupanda kabla hujahesabu tena, wiki mbili tatu baada ya dawa chimba miraba ya ukubwa ule ule pembeni ya ulipochimba mwanzo. Wakiwa wamepungua chini ya 5, kwangua nyasi zilizokufa, legeza udongo juu juu, panda mbegu au vipande vya nyasi, na umwagilie kidogo kidogo kila siku mpaka zishike, ukivuta zigome.